Umeme wa kombi ya zamani: anza chini ya gari, anza na athi

Taa zikififia kila ukiwasha indiketa, usikimbilie kung'oa nyaya zote. Kwenye kombi za zamani za Volkswagen umeme hutoka nyuma hadi taa za mbele, na hurudi kupitia bodi; njia hiyo ya kurudi ndiyo athi. Bodi ikiliwa na kutu, kila kitu kinayumba.

1. Fungua hasi ya betri kwanza. Inua kwa jeki, kisha liketishe gari kwenye stendi. Jeki peke yake si ya kulalia chini yake. Vaa miwani, kutu hudondokea machoni.

2. Kabla ya waya, chuma. Gonga boriti na sehemu za kuwekea jeki kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi. Kama kuna kuchomelea, kufanyike sasa, maana moto wa welding utakula nyaya zako mpya. Mpira wa petroli wenye nyufa usiulize, badilisha.

3. Athi. Injini na giaboksi vimekalia mipira, kwa hiyo kuna mkanda wa waya wa kusuka unaounganisha giaboksi na bodi. Ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, hata kebo ya kanyagio la mafuta hupata moto. Piga msasa pale mkanda unapofungwa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi. Mimi niliwahi kupaka rangi kwanza, nikahangaika wiki nzima.

4. Badilisha waya mmoja mmoja. Kahawia ni athi, mwekundu una umeme muda wote, mweusi hupata umeme ukiwasha swichi. Kila tundu la bati linalopitisha waya liwe na mpira wake.

Maswali

*Mkuu, yangu ni ya volti 6. Nyaya za volti 12 zitafaa?*
Hapana. Taa ya wati 45 hula ampea 3.75 kwenye volti 12, lakini 7.5 kwenye volti 6. Waya mwembamba utachemka.

*Kusokota na kufunga selotepu je?*
Ukikwama usiku, sawa. Ila huko chini maji yataingia. Bana terminali kwa koleo lake.

*Nimeweka athi mpya, stata bado inavuta polepole.*
Weka mita kwenye volti: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye giaboksi, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kiungo kichafu bado. Ikiwa chini ya hapo, pima vivyo hivyo upande wa chanya, betri hadi bolti ya stata.