Hita ya nyumba Uingereza: mambo ya kuangalia kabla baridi haijaingia

Wenzangu mlioko Uingereza, hasa mliofika mwaka huu, haya yafanyeni Septemba, msingoje ile Novemba unaamka nyumba nzima friji halafu fundi anakwambia nafasi iko wiki ijayo. Siku yoyote hata kama kuna jua washa hita nusu saa, zunguka ushike redieta moja moja. Ikiwa ya moto chini na baridi juu ina hewa ndani, zima hita isubiri ipoe, chukua kile kifunguo kidogo cha redieta, kinga kitambaa, legeza taratibu mpaka iache kufanya psss maji yaanze kuchuruzika, funga. Ikiwa ya moto juu na baridi chini hiyo sio hewa, ni tope la kutu, mwachie fundi. Halafu kacheki geji ya presha kwenye boila, lile sanduku la gesi linalopasha maji ya redieta, maana ukitoa hewa inashuka, boila ikiwa imepoa inatakiwa isome kama bar 1 hadi 1.5.

Sasa kubwa lenyewe, na mi nimekaa miaka bila kulijua. Boila nyingi za kombi, yaani zinazopasha maji ya bomba papo hapo bila tangi, zimesetiwa zipeleke maji kwenye redieta yakiwa nyuzi 70 au 80. Hizi za kisasa moshi wake una mvuke mwingi, na mvuke ukigeuka maji humo ndani unaacha joto lake, lakini hiyo inafanyika vizuri kama maji yanayorudi toka kwenye redieta yako chini ya nyuzi 55 hivi, yakirudi ya moto sana joto ulilolipia linatoka nje na moshi. Kwa hiyo shusha hadi 60, kile kitufe chenye picha ya redieta, sio cha bomba. Nyumba itachelewa kidogo kupata joto, basi washa mapema. Ila kama una tangi la maji ya moto usishushe kwa kubahatisha, lile maji yake yanatakiwa yafike 60 bakteria wasizaliane, muulize fundi kwanza.

Themostati ya ukutani nayo inatudanganya wengi. Baridi yangu ya kwanza nilikuwa narudi kazini usiku naizungusha mpaka 30 nikidhani nyumba itapata moto haraka, kumbe ile ni kama ya pasi, inaamua wapi pa kuzima tu, spidi ni ile ile, mi nikalala nikaamka natoka jasho na bili ikaja ya kutisha. Weka 18 au 19, vaa soksi. Na vile vinamba 1 hadi 5 pembeni ya redieta, chumba hakitumiki weka 1 au 2 ufunge mlango, usizime kabisa ukuta ukaota ukungu. Ukungu wenyewe tunauleta sisi kwa kuanika majinzi juu ya redieta madirisha yamefungwa, jamani fungueni kidogo, na kochi lisogezeni, mnapasha joto mgongo wa kochi.

Bei usidanganyike na kile kikomo cha Ofgem, wale wasimamizi wa bei za gesi na umeme, kinabadilika kila miezi mitatu na ni kikomo cha bei ya yuniti, sio cha bili, ukitumia zaidi unalipa zaidi. Wa mita ya kulipia kabla, kuna ile ada ya kila siku inayohesabiwa hata Julai hujawasha kitu, kwa hiyo wekeni kidogo kidogo kiangazi, la sivyo Oktoba unaweka pauni 20 inamezwa na deni.

Kama umepanga, mwenye nyumba lazima akupe cheti cha ukaguzi wa gesi kila mwaka, uliofanywa na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na kwa England lazima kuwe na alamu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kwenye chumba cha kuishi chenye boila. Mdai kwa meseji ibaki ushahidi.

Mwisho katafute lile bomba jembamba la plastiki linalotoa maji ya boila nje. Baridi ikizidi linaganda na boila inagoma, wala haijafa, mwagia maji ya uvuguvugu uiwashe tena. Uvuguvugu nimesema, sio ya birika inayochemka, litapasuka.