Gari limeisha kwenye ajali: jinsi ya kudai bima kubwa usipunjwe

Kampuni ya bima ikishakubali kwamba gari halitengenezeki, hakuna tena ubishi wa bampa na taa. Linabaki swali moja: jana yake, kabla ya ajali, gari hilo lingeuzwa shilingi ngapi? Bima kubwa nyingi Tanzania, yaani zile zinazolipia hata gari lako mwenyewe, hulipa bei hiyo ya soko bila kuvuka kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Ulikatia milioni 18 na soko linasema 15, utahesabiwa 15. Ulikatia 12 ili ada ipungue, utahesabiwa 12 hata kama gari lilikuwa la 15.

Toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo au kesho yake, maana mkataba una muda wake. Polisi utahitaji ripoti ya ajali, ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Ambatanisha nakala ya leseni ya aliyekuwa anaendesha na kadi ya gari. Fuatilia jalada mwenyewe. Madai mengi hulala kwa kukosa karatasi moja tu ya trafiki.

Kabla brekidauni haijalivuta, piga picha pande zote nne, namba ya chesisi, tairi, viti, na dashibodi ikionyesha kilomita. Usiruhusu fundi ang'oe kitu. Betri au tairi ikikosekana siku ya ukaguzi, itakatwa kwenye fedha yako. Uliza pia, kwa maandishi, nani analipia kuvuta na yadi, kwa sababu yadi inahesabu kwa siku.

Mtathmini, yaani mtu wa kukadiria hasara na thamani ya gari, akimaliza, omba nakala ya ripoti yake uisome mstari kwa mstari: mwaka wa kutengenezwa, toleo, ukubwa wa injini, kilomita. IST ya 2007 ikiandikwa 2003, umepoteza fedha kabla hata mazungumzo hayajaanza. Bei ikiwa ndogo, usilalamike kwa simu. Kusanya matangazo matano ya gari kama lako, mwaka uleule au unaokaribiana, yenye tarehe na kilomita. Ongeza makadirio ya kuagiza jingine leo, kodi na gharama za bandari zikiwemo, na risiti za tairi mpya au giaboksi. Andika barua: siafiki kiasi hiki, naomba kiasi hiki, ushahidi ni huu. Thamani inayoonekana kwenye kikokotoo cha TRA ni ya kukadiria kodi. Mtu akikuletea kama bei ya soko, ikatae.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Tuseme mmekubaliana milioni 15 na eksesi, yaani sehemu unayobeba mwenyewe, ni asilimia 5. Inatoka 750,000, unabaki na 14,250,000. Ukitaka kubaki na mabaki, yaani gari lenyewe lililoharibika, na kampuni imeyathamini milioni 4, unapokea 10,250,000. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kabla ya kusema "niachieni", peleka wanunuzi wawili au watatu wa spea walione. Wakitaja milioni 5, chukua. Wakiishia 3, waachie kampuni. Chesisi iliyopinda au eabegi zilizofyatuka hula fedha kuliko inavyoonekana kwa macho.

Ukiwaachia, watadai kadi halisi, funguo zote na saini zako za kuhamisha umiliki. Usikabidhi kadi halisi bila hati ya makabidhiano iliyosainiwa. Gari likiwa la mkopo, benki hulipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki. Waandikie benki mapema wakupe salio la mkopo, maana marejesho hayasimami kwa sababu ya ajali. Ada ya bima uliyokuwa unalipa kwa awamu nayo mara nyingi hukatwa iliyobaki.

Mwisho utaletewa hati ya kukubali malipo. Kama imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho", ukishasaini ni vigumu sana kurudi kudai, kwa hiyo kagua kiasi, eksesi na mabaki kwanza. Mkishindwa kuelewana, omba uamuzi wao kwa maandishi ukiwa na sababu, kisha upeleke malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Beba mkataba, ripoti ya mtathmini na barua zote zikiwa zimegongwa muhuri wa kupokelewa.