Kufufua Vespa PX kuukuu Unguja: anza na namba, rangi iwe ya mwisho

Vespa PX 150 zilizolala nyuani kwa watu hapa Unguja naamini nyingi zinafufuka. Zinauliwa na chumvi ya bahari, na spea zilizonunuliwa kwa kukisia. Utaratibu wangu ni huu.

1. Soma namba kabla hujatoa pesa

Vua mfuniko wa kulia unaoficha injini, futa uchafu kwa mafuta ya taa, utazame namba iliyogongwa kwenye bodi. PX 150 ya Italia huanza na VLX1T, injini yake VLX1M. Ilinganishe na kadi ya chombo hapo hapo. Namba hiyo ndiyo pia dira yako ya spea. LML, skuta ya India, iliundwa kwa kufuata PX, kwa leseni ya Piaggio, hivyo vitu vyake vingi vinaingia. Bajaj Chetak, nayo skuta ya India, asili yake ni Vespa Sprint, iliyoitangulia PX. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu", usikubali mpaka uweke mpya na kuukuu pamoja.

2. Tafuta moto

Chomoa plagi, igusishe kwenye chuma cha injini, piga kiki. Cheche ikiwepo injini baridi kisha ikapotea ikishapata joto, tazama nyaya za koili nyuma ya magneti. Ganda lake hukauka likapasuka. Magneti itolewe kwa pula yake, yaani kifaa cha kuivutia. Nyundo huvunja mapezi yake na kupinda krenki.

3. Sakafu

Hapa usiwe na haraka. Ng'oa mipira ya sakafuni, maana chini yake ndiko maji ya chumvi yanakojificha, kisha chokonoa kwa bisibisi. Panapotoboka pakatwe, pachomelewe bati jipya. Lakini kabla ya kukata, chomelea nondo ya muda kutoka ngao ya mbele hadi chini ya kiti, la sivyo bodi itajikunja na chombo kitakwenda upande. Kuna mafundi wanaopaka puti juu ya kutu. Kazi hiyo haivuki masika, na ni kumdhulumu mwenye chombo.

4. Injini, na safari ya spea

Moshi mweupe mzito huku oili ya giya ikipungua: sili ya krenki (mpira wa kuzuia kuvuja) upande wa klachi imekwisha. Injini ikipandisha mzunguko yenyewe na mkono umeuachia, shuku sili ya upande wa magneti, inavuta hewa. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Silinda ya PX 150 ni milimita 57.8. Ikiwa imelika, pistoni za kuongezea ni 58.0, 58.2 na 58.4. Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mchongaji aichonge silinda kwa kuifuata. Mshale wa juu ya pistoni uelekee tundu la moshi.

Spea anza kuulizia kwa mafundi wazee wa vespa hapa mjini, wenye masanduku ya vitu vilivyotumika. Chuma cha Italia kilichotumika kikiwa kizima, mimi nakichagua kuliko kipya kisicho na jina. Ukikosa, ni Kariakoo, Dar es Salaam. Ukimtuma mtu kwa boti, mpe spea kuukuu yenyewe aende nayo. Picha ya simu haionyeshi milimita. Kwa hiyo usitupe kitu mpaka chombo kitembee.

Kabureta ioshe kwa petroli na kuipuliza. Usitie waya kwenye jeti, kile kitundu kidogo cha kupitishia petroli, utaipanua.

5. Magurudumu na rangi

Ringi ni vipande viwili. Toa upepo wote kabla ya kulegeza nati zinazoviunganisha, maana vinaweza kuruka na kukujeruhi. Rangi ije baada ya injini kuwaka (hatua ya 6): msasa, praima, rangi, na chini ya sakafu pasisahauliwe.

6. Kuwasha

Kama chombo hakina tangi la oili, changanya mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Ukirudi safari ya kwanza, iache injini ipoe kabisa, kisha ukaze tena nati za kichwa cha silinda.