Kabla ya Kumkabidhi Mtafsiri Maandishi ya Kiarabu ya Magofuni

Usikimbilie kutafuta mtu kabla hujajua una nini mkononi. Ripoti ya uchimbaji iliyochapwa Cairo inamtaka mtafsiri aliyezoea istilahi za akiolojia, basi. Maandishi ya ukuta wa kibla katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 Hijria, ni habari nyingine. Yamechongwa kwa Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu ambao kwa kawaida hauna nukta, hivyo herufi be, te na the hazitofautiani kwa umbo. Anayeweza kuzisoma ni aliyekwisha kusoma mawe mengi ya aina hiyo. Halafu kuna karatasi za pwani zinazoonekana Kiarabu kitupu, kumbe ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hapo hata bingwa kutoka Damascus atakwama.

Picha zipigwe asubuhi au jioni, jua likiwa ubavuni, ili kila mchongo utoe kivuli chake, na rula iwekwe pembeni. Jiwe lisisuguliwe chaki.

Ukishampata mtu, mpe mistari michache ya majaribio, na umlipe. Ufasaha wa tafsiri usikubabaishe. Tazama amefanya nini pale palipomomonyoka. Makaburi mengi yana aya za Qur'ani, na aliyehifadhi ataimalizia aya kwa kumbukumbu hata kama jiwe limekatika katikati. Ustadhi wa madrasa ni msaada mkubwa katika kuitambua aya, ila herufi zinazoonekana lazima zitengwe na zile za kujazia, ambazo desturi ni kuziweka ndani ya mabano ya mraba. Anayeniletea usomaji wa jiwe lililochakaa bila hata bano moja, mimi simwamini.

Mpime na kwa tarehe. Kaburi la Gedi, magofu ya pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 Hijria huandikwa ni la 1399, lakini mwaka huo ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400. Pasipo mwezi, jibu la haki ni 1399/1400.

Malipo, muda, na kama jina lake litatajwa kwenye chapisho, mkubaliane kwa maandishi mapema. Dai pia akupe Kiarabu chenyewe kama alivyokisoma, mstari kwa mstari, sambamba na tafsiri; ukipata tafsiri peke yake, msomaji wa pili hatakuwa na cha kukagua.