Kila tovuti "si salama"? Tazama saa ya kompyuta

Kivinjari kikigoma kufungua karibu kila tovuti, hata Google, kikidai muunganisho si salama, usikimbilie kupiga Windows upya. Angalia kwanza tarehe kwenye kona ya chini. Tovuti ambazo anwani yake huanza na https zina cheti, yaani hati ya kidijitali ya kuthibitisha kuwa tovuti ni halisi, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini bado tuko 2009, cheti cha leo inakiona hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kisha ufungue kivinjari upya.

Kwa kompyuta ya mezani ya zamani, tatizo likirudi kila umeme ukikatika, basi huenda betri ya ndani inayotunza saa kompyuta ikizimwa imekufa. Mara nyingi ni CR2032, ile bapa kama sarafu, na si ghali. Ila saa ikiwa sawa na onyo likatokea kwenye tovuti ya benki pekee, usilazimishe kuingia.