Kuchagua mashirika ya haki kwa utafiti wa uhalifu wa chuki Nairobi

Kabla ya kuandika jina la shirika lolote, kubalianeni maana. Uhalifu wa chuki una mambo mawili: kosa la jinai (kupigwa, kuchomewa kibanda, kutishiwa maisha), na chuki dhidi ya kundi iliyofanya mtu huyo alengwe. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inahusu matamshi ya chuki. Kipigo chenyewe kikiripotiwa polisi huingia OB (daftari la matukio la kituo cha polisi) kama shambulio tu, na sababu yake hupotea hapo. Mashirika yanahitajika kuziba pengo hilo.

Hatua ya 1. Anza na makundi, mashirika yatafuata. Orodhesha: Wanubi wa Kibra, Wasomali na wakimbizi wa Eastleigh, watu wenye ualbino, wapenzi wa jinsia moja. Kwa kila kundi tafuta angalau shirika moja linaloongozwa na wenyewe, na moja la haki kwa jumla. Ukianza na mashirika yenye majina makubwa, utapata kesi zilizofika mahakamani na kukosa zilizoishia mtaani.

Hatua ya 2. Nenda ofisini, uliza: malalamiko hupokelewa vipi? Kuna fomu au daftari, tangu mwaka gani? Nani huamua kwamba shambulio lilitokana na chuki, na kwa dalili zipi? Swali hili la mwisho ndilo linalochuja. Shirika lenye ripoti ya kupendeza iliyojaa picha za warsha, lakini lisilo na fomu ya kesi, likusaidie kufahamiana na watu, takwimu usilitegemee.

Hatua ya 3. Cheti cha usajili kisiwe sharti. Shirika la NGLHRC (National Gay and Lesbian Human Rights Commission), linalotetea mashoga na wasagaji, lilinyimwa usajili kwa sababu ya jina lake, na kesi ikafika Mahakama ya Juu, iliyoamua Februari 2023 kwamba lina haki ya kusajiliwa. Ungedai cheti, kundi lenye kesi za kuhesabu lingekuwa la kwanza kutoka kwenye orodha yako. Dai badala yake mtu wa kuwajibika na kumbukumbu unazoweza kukagua.

Hatua ya 4. Zuia kuhesabu mara mbili. Mkimbizi mmoja anaweza kuwa kwenye faili za Refugee Consortium of Kenya na za Kituo cha Sheria pia, yote mawili mashirika ya msaada wa kisheria. Linganisha mwezi, wadi, umri na aina ya kosa. Zikifanana zote nne, yaulize mashirika yenyewe kabla ya kufuta kesi moja.

Hatua ya 5. Pata mapema kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, asili ya kikabila, imani, afya na mwelekeo wa kijinsia ni data nyeti. Kwa hiyo omba kesi zikiwa na namba tu. Ufunguo wa majina, yaani orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani, ubaki kwa shirika. Kazi ya kuondoa majina humla karani wa ofisi ndogo siku nzima au zaidi, kwa hiyo malipo yake yawe kwenye bajeti tangu mwanzo. Usipomlipa, faili zitakuja nusu, tena zimechelewa.