Fonti mbovu isivuruge ukurasa mzima

Usitaje faili la fonti moja kwa moja kila mahali kwenye CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa wa wavuti). Buni jina la kati, mfano "MaandishiMakuu", ndani ya @font-face (amri ya CSS inayosajili fonti). Kwenye src (orodha ya vyanzo) panga url ya woff2, kisha woff (aina za mafaili ya fonti za wavuti), mwisho local("Arial"), yaani Arial iliyomo kwenye kifaa. Kwingine kote ita jina hilo. Kivinjari kikikuta faili limeharibika hulikataa na kujaribu linalofuata. Arial haimo kwenye simu nyingi za Android, kwa hiyo font-family (mstari unaoita jina la fonti) imalizie na sans-serif, fonti ya kawaida ya kifaa.

Chrome ikiandika "invalid sfntVersion: 1008813135", usihangaike kuitengeneza fonti yenyewe. Namba hiyo ni herufi "<!DO", mwanzo wa ukurasa wa HTML: seva imeleta ukurasa badala ya fonti. Kagua njia ya faili, hasa herufi kubwa na ndogo.